Mbuzi wa Mbula

Jumamosi, 26 Juni 2021

Daftari hili nimepewa kazini. Meneja wa nyumba ya wazee ninakofanya kazi, huko Lidcombe, Sydney, alitugawia wauguzi wote, kila mtu lake, lenye maua kwenye jalada, akatuagiza tuandike kila siku mambo tunayoyashukuru. Eti tutapumua vizuri. Nimelichukua kwa sababu karatasi ni karatasi. Ya kushukuru sina, kwa hiyo nitaandika yanayonichoma, na hayo sina haja ya kuyatafuta.

Jiji limefungwa kuanzia leo jioni. Australia yenyewe ilifungwa tangu mwaka jana, na si kwa wanaotaka kuingia tu, hata sisi tulio ndani haturuhusiwi kutoka mpaka tuombe. Tumeomba, mimi na Mbuvi mume wangu, na leo asubuhi tumekataliwa.

Niandike vizuri, ili hasira yangu iwe na mpangilio. Mwezi wa Aprili dada yake Mbuvi, Miriam, alikufa kwa corona huko Machakos, akaacha mtoto wa mwaka mmoja. Mtoto anaitwa Mbula kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha. Sasa yuko kijijini Mwala kwa bibi yake, mama mkwe wangu, ambaye magoti yake hayamruhusu hata kuinama kuokota kijiko. Mimi na Mbuvi tumeoana miaka mingi na hatujajaliwa. Mazishi tuliyatazama kwenye simu, tukiwa tumekaa kitandani hapa Guildford, na yalipokwisha mama mkwe aliingia kwenye kioo akasema mbele ya ukoo wote kwamba huyu mtoto ni wetu, twende tumchukue. Sijawahi kulia vile, na nilikuwa nalilia mambo mawili kwa pamoja.

Wakili wetu wa Machakos, Shirleen, anasema mahakama itatupa Mbula awe mtoto wetu kisheria, ila lazima tufike wenyewe, tukae naye, watu wa ustawi wa watoto waje watuone tukimlisha. Kwa simu haiwezekani.

Watu wa ruhusa wametujibu kwa sentensi mbili. Sababu yetu haitoshi.

Jumatano, 30 Juni

Mvua. Hakuna la kushukuru.

Jumatatu, 5 Julai

Mbuvi ameandika maombi mapya. Nimeyasoma nikataka kuyachana. Yamejaa tafadhali na samahani, kana kwamba tunaazima ngazi kwa jirani. Mume wangu ni mtu wa tafadhali. Kwenye ghala anakofanya kazi, Seven Hills, wanampa zamu ambazo hakuna anayezitaka, naye anasema asante. Nilimwambia aandike kwamba kuna mtoto anayejifunza kutembea bila mtu wa kumkimbiza. Akasema, "Gakii, ukigombana na mwenye ufunguo, mlango unabaki pale pale."

Kisha tukagombana juu ya Wekesa, kama kawaida. Wekesa ndiye aliyezaa na Miriam. Walikaa pamoja Athi River miaka mitatu hivi, ile ya njoo tukae, bila ya wazee kujuana. Mwezi wa Februari akaenda kwao Bungoma kutafuta kazi, na Miriam alipokufa hakuonekana mazishini. Hata maua hakutuma. Ninapomtaja, Mbuvi hunikatiza. "Huyo tumwache. Tusimtaje kabisa." Mwanaume aliyemtelekeza dada yako unamwogopa nini? Nikaenda kulala na hasira yangu.

Jumatatu, 26 Julai

Mtaa wetu umeingia kwenye orodha ya mitaa mibaya. Wanaoishi karibu na bahari wanatembeza mbwa wao mchangani, nimewaona kwenye runinga. Sisi huku tuna helikopta juu ya paa na polisi wa farasi kituoni. Nilisimamishwa nikiwa na sare yangu ya kazi, na kijana mmoja mwenye bunduki kiunoni akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia naenda kumbadilisha babu yako nepi. Hakucheka, na mimi sikuwa natania.

Kazini nilimweleza Chibalonza habari za Mbula. Chibalonza ni Mkongo, tunafanya naye zamu moja, na ndiye mtu pekee pale anayesema bila ya kunipima. Alinisikiliza huku akikunja mashuka.

"Miye nilikamata batoto batatu ku njia, wakati tulikimbia Uvira," akasema. "Mama yao ilikuwa imekufa. Tulitembea nao mpaka Tanzania, tukakaa nao kambini, tukakuja nao huku. Olivier ile unajua, ile mukubwa, si mutoto yangu wa tumbo."

"Na karatasi?"

"Karatasi gani? Hakuna mutu aliuliza. Walisema mama, niliitika."

Nikamwambia mimi siwezi kuitika kutoka Guildford. Akasema basi tutaona, akaendelea na mashuka. Nilimwonea wivu mpaka nikaona aibu, mtu aliyepita katika vita.

Jumatano, 4 Agosti

Tumekataliwa tena. Sentensi mbili zile zile. Kwenye runinga wanariadha wa nchi hii wako Tokyo kwenye Olimpiki. Kurusha mkuki ni sababu inayotosha.

Jumapili, 8 Agosti

Mbula ametembea. Mama mkwe aliegemeza simu kwenye sufuria na tukamwona akitoka mlangoni kwenda kwenye kiti, hatua zake za mlevi, mikono juu. Akaanguka, akakaa, akaitazama simu. Mbuvi akamwita kwa Kikamba na mtoto akaja, akalamba kioo. Tulichekea ulimi wake mpaka salio la bibi likaisha.

Baadaye nilimkuta Mbuvi kwenye chumba kidogo, kile tulichokipaka rangi mwezi wa Mei, akijaribu kama droo za kabati zinafunguka vizuri. Zilikuwa zinafunguka vizuri. Alizifungua zote.

Jumapili, 15 Agosti

Ibada ya Zoom. Dada mmoja wa kanisani, ana watoto wanne, alituombea tuwe na subira kwa kuwa wakati wa Mungu ndio bora. Nilizima kamera nikamwambia maneno ambayo Mbuvi alisema afadhali kipaza sauti nacho kilikuwa kimezimwa.

Jumamosi, 21 Agosti

Leo nina la kushukuru, hatimaye.

Ilikuwa jioni. Mbuvi alikuwa anasonga ugali, simu yake ikalia mezani, namba ya Kenya. Mikono yake ilikuwa kwenye mwiko, kwa hiyo niliipokea mimi nikaiweka sauti ya juu.

"Hallo, shemeji," sauti ya mwanaume ikasema. "Naitwa Wekesa. Baba Mbula."

Hilo jina amejipa mwenyewe. Nilivuta kiti nikakaa.

"Shemeji, poleni na majukumu. Niko hapa Kimilili, Bungoma, na wazee wangu, wanawasalimia. Nimetafuta namba ya Mbuvi tangu April, simu ya Miriam ilizimwa na sikuwa na mtu wa kumuuliza. Sina maneno mengi. Nilitaka kujua mtoto anaendeleaje, na kama mtaniruhusu nifike Mwala nimwone."

"Mazishini ulikuwa wapi?"

"Walifunga barabara, shemeji. Si unakumbuka Machakos ilikuwa lockdown, hakuna kuingia hakuna kutoka? Nilipanda gari ya mboga, polisi wakatushusha kabla ya Nakuru, wakaturudisha. Nililala hapo kwa stage ya magari siku mbili nikijaribu."

Nilicheka. Nikamwambia kila mtu siku hizi ana hadithi ya barabara. Mbuvi akageuka kutoka jikoni akanitikisia kichwa, nikampa mgongo. Wiki nane nimekuwa nikiambiwa hapana na watu nisiowaona, na sasa Mungu amenipa mmoja mwenye jina na sauti.

"Na usiniite shemeji," nikasema. "Shemeji wa wapi? Umekaa na msichana wa watu miaka mitatu, hata mbuzi mmoja wa ntheo hukupeleka kwao. Mbuzi hujaleta, mtoto unaulizia. Leta mbuzi kwanza, ndipo uje utuulize habari za mtoto."

Ntheo ni wale mbuzi ambao Wakamba hupelekewa kabla ya kitu kingine chochote, na bila hao hakuna ndoa hata mkikaa mpaka mzeeke. Mimi ni Mmeru lakini hayo nimeyajua tangu nilipoolewa. Wangu mwenyewe, wa kwetu Meru, walipelekwa wakafika.

Nilihisi Mbuvi yuko nyuma yangu. Alikuwa amenyoosha mkono kuitaka simu, ukabaki hapo hewani. Kwenye simu mzee mmoja akakohoa, na sauti nyingine, si ya Wekesa, ikasema polepole, "Tumekusikia, mama. Asante sana." Simu ikakatwa.

Asante sana! Hivyo ndivyo mtu anavyofukuzwa mlangoni akatoka na adabu zake. Nilikula ugali sahani mbili. Mbuvi hakula. Alisema tu, "Usingetaja mbuzi." Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Basi. Kula." Siku zote nimemwonea haya mume wangu kwa upole wake, na leo, badala ya kunipongeza, ananiharibia na chakula.

Jumanne, 24 Agosti

Sasa tuna kafyu pia. Mbuvi akirudi kazini anakaa ndani ya gari pale chini kwa muda mrefu, injini imezimwa. Nimemwona kutoka dirishani. Akipanda ananiambia alikuwa anasikiliza habari.

Ijumaa, 3 Septemba

Maombi ya tatu nimeyaandika mimi. Neno tafadhali halimo.

Jumapili, 19 Septemba

Wamekataa. Sentensi mbili. Nimezihifadhi kichwani kama Baba Yetu.

Mbuvi ameanza tabia mpya, anampigia mama yake kila siku na kumuuliza habari za soko. Mahindi, maharagwe, mbuzi wameuzwaje Jumatano. Mtoto yuko kule anakua bila sisi na yeye anafuatilia mnada wa Mwala. Nimemwambia hana damu mwilini. Alisema huenda ni kweli.

Ijumaa, 1 Oktoba

Wametangaza. Kuanzia Novemba, aliyechanjwa atatoka bila ya kuomba ruhusa. Nilikuwa nampa mzee mmoja uji kazini nikasikia kwenye runinga, nikammwagia kifua kizima. Chibalonza alinishika tukazunguka katikati ya ukumbi kama wasichana wa shule. Nimenunua tiketi kwenye treni, kabla sijafika nyumbani. Tunaruka tarehe sita Novemba.

Nilimwonyesha Mbuvi akazitazama muda mrefu. "Ni vizuri," akasema. Nilimpiga na mto. Ni vizuri!

Jumapili, 3 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Lakini nitaandika yote.

Tulikuwa tumemaliza chakula. Mama mkwe alipiga video. Nyuma yake uani palikuwa na viti vya kukodi, wazee wamekaa na barakoa zimeshuka kidevuni, na kwenye ua wa michongoma walikuwa wamefungwa mbuzi watatu. Nilidhani kuna mnada. Kisha nikaona kijana mmoja mwembamba amesimama peke yake, koti limemzidi mabega, na nikajua kabla sijaambiwa.

Simu akapewa Mzee Kasyoka, baba mdogo wa Mbuvi, ambaye ndiye anayesema kwa niaba ya boma tangu baba yao afe. Akasalimia kwa utaratibu wote. Kisha akasema wageni wametoka Kimilili kwa sababu waliitwa. Waliambiwa walete ntheo kwanza ndipo waulize habari za mtoto, nao wameleta. Waliyasikia wenyewe, wamekaa wazee kadhaa kwenye chumba kimoja, simu iko mezani.

"Mbuvi," akasema, "haya maneno yalitoka nyumbani kwako?"

"Yalitoka."

"Ulikuwepo?"

Mbuvi alinitazama. Angeweza kusema hakuwepo. Nilimwomba kwa macho aseme hakuwepo.

"Nilikuwepo, baba."

"Na ukayakanusha?"

"Sikuyakanusha."

"Basi mbuzi wataingia."

Nikamnyang'anya simu. Nilisema yale hayakuwa maombi, yalikuwa matusi, kila mtu mwenye masikio anajua ni matusi, nilikuwa na hasira. Mzee Kasyoka alinisikiliza mpaka mwisho. "Tumeelewa ulikuwa na hasira, mama," akasema. "Sijawahi kuona mtu akidai mbuzi bila ya hasira." Wazee wengine wakacheka, si kwa ubaya, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Nyuma yao mama mkwe alifungua lango la zizi na wale mbuzi wakaingia.

Nilitupa simu kwenye kochi. Mbuvi akaniambia pale pale, amesimama, mikono imelegea. Mtoto wa mwanamke asiyetolewa mbuzi ni wa boma la babu yake mzaa mama, hakuna wa kumuuliza. Mbula alikuwa wetu kwa sababu hiyo hiyo, na bibi yake alikuwa na haki ya kutupa. Lakini huwezi kumdai mbuzi mtu usiyemjua. Ukimdai, umemwita mkwe, na mkwe akileta harudishiwi mbuzi mlangoni, na mtoto anakuwa wa kwao. Kama tungenyamaza, Wekesa angebaki mtu baki mpaka mwisho wa dunia. Ndiyo maana hakutaka tumtaje.

"Kwa nini hukuniambia kabla?"

"Sikudhani atatupata. Nilidhani tutafika kabla yake."

"Na baada ya hapo? Agosti yote, Septemba yote?"

"Ulikuwa umeshasema. Nikajua hawana kitu kule, hawatapata mbuzi haraka." Akapangusa uso kwa kiganja. "Nimekuwa nikimwomba Mungu bei ya mbuzi ipande, Gakii."

Ningempiga. Kweli, ningempiga. Angenipigia kelele, angenilaumu, ningepata mahali pa kushika. Alianza kukusanya sahani.

Jumanne, 5 Oktoba

Leo nilimpigia mama mkwe peke yangu, nikiwa nimejipanga kumtukana. Nilimwambia ameuza mtoto wetu kwa nyama. Nilimwambia alitupa neno mbele ya ukoo akalila.

Alingoja nimalize. Sikuwahi kumjua huyo mama, sasa naona. Kwangu alikuwa magoti mabovu na maombi marefu.

"Gakii," akasema, "Miriam nilimzika kule kando ya ua, kama msichana asiye na kwake. Ndivyo tunavyofanya, na mimi ndiye niliyeonyesha mahali pa kuchimba. Kila siku nikienda mferejini nampita pale. Jumapili wale wazee walisimama juu ya kaburi wakamwita mke wao. Wakasema mke wetu, tumechelewa, utusamehe. Ulitaka niseme nini?"

Nikasema alitakiwa aseme hapana.

"Wewe una mwezi wa nne unalia kwa sababu umeambiwa hapana," akajibu. "Mimi siliwezi hilo neno."

Bado nina hasira naye. Lakini nilipokata simu sikuwa na tusi hata moja lililobaki.

Jumatatu, 11 Oktoba

Jiji limefunguliwa. Watu wamepanga foleni kunyoa nywele.

Jumamosi, 16 Oktoba

Wamempeleka Mbula Kimilili. Mama mkwe alituma picha, mtoto amelala kifuani kwa mama yake Wekesa ndani ya gari, mdomo wazi. Mbuvi aliitazama mara moja akaenda kuosha gari ambalo lilikuwa safi. Mimi niliikuza mpaka nikaona kucha zake. Zimekatwa vizuri. Nilichukia hata hilo.

Jumamosi, 23 Oktoba

Shirleen amepiga. Nilikuwa nimemwandikia kwamba mbuzi wameletwa na mtoto amekwenda, nikidhani atanipa pole. Hakunipa pole, alikuwa mchangamfu.

"Madam Gakii, listen. Korti haijui mbuzi. Mbuzi ni mambo ya wazee, wakule wanyamaze. Sheria inauliza kitu kimoja tu: tangu mama afe mpaka hao mbuzi walipokuja, huyu baba aliwahi kuonyesha interest na mtoto? Aliuliza? Alituma hata diaper? Kama hapana, hiyo ni abandonment, amemtupa mtoto, na bibi alikuwa ameshawapatia ninyi. Mtoto anarudi, hata ikibidi na polisi. Nahitaji kiapo chako tu, kwa sababu wewe ndiye ulikuwa ukiongea na kila mtu."

"Na akisema aliuliza?"

"Wote husema waliuliza. Ilikuwa kwa simu? Basi ni neno lake na lako. Wewe ni nurse Australia, una nyumba, una payslip. Yeye ni nani?"

Nilimwambia nitampa jibu Jumamosi ijayo. Nilirukaruka. Naandika hivi nikiwa bado nahema. Kumbe mlango upo!

Mbuvi alikuwa amesikia. Nikamuuliza anasemaje. "Mimi sikuongea naye," akasema. "Wewe ndiye uliyeongea." Ndiyo hivyo, mume wangu tena, ananiachia mzigo na kuniita kwa upole niuinue.

Jumatano, 27 Oktoba

Nimejizoeza. Ni neno moja. Hakuuliza. Nimelisema kwenye treni, kwenye lifti, nikiwa namfunga mzee mmoja vifungo vya shati. Chibalonza alinisikia akataka kujua naongea na nani. Nikamweleza yote, kwa sababu nilitaka mtu mmoja aniambie niendelee, na yeye aliyechukua watoto watatu njiani bila ya kumuuliza mtu ndiye angeelewa.

"Bale batoto, baba yao alikuwa imekufa," akasema. "Kama angekuja kambini, kama angefika ku mulango, ningemupa. Ningelia mwaka mzima, ningemupa."

"Unasema hivyo kwa sababu hakuja."

"Ndiyo," akasema. "Nashukuru hakuja. Kila siku nashukuru. Weye, yako amekuja."

Nilimkasirikia mpaka mwisho wa zamu. Kisha nikiwa kituoni, nikingoja treni, nikamwaza yule mtu kwenye gari la mboga. Siku mbili kwenye stage. Tangu Juni ninamweleza kila anayenisikiliza jinsi nilivyofungiwa, polisi, helikopta, sentensi mbili, dhuluma iliyoje. Yeye alifungiwa vivyo hivyo, akanieleza kwa maneno machache na kwa adabu, nami nikacheka. Sipendi kumwaza. Nilimpenda zaidi alipokuwa hana barabara yoyote aliyofungiwa. Treni ilikuja nikaiacha ipite, nikapanda iliyofuata.

Jumamosi, 30 Oktoba

Shirleen alipiga saa kumi na moja jioni. Mbuvi alikuwa kwenye kiti cha dirishani anashona kifungo cha shati lake la safari. Niliweka sauti ya juu, maana katika nyumba hii sasa hakuna simu ya siri.

"Tuko tayari? Nitauliza, wewe jibu tu, secretary anaandika. Kati ya mazishi na siku mbuzi walipoletwa, baba wa mtoto aliwahi kumuulizia?"

Neno lilikuwepo. Lilikuwa mdomoni kabisa, limezoeleka. Na hasira zangu zote zilikuwepo, kwa watu wa ruhusa, kwa wazee waliocheka, kwa Mbuvi na sindano yake. Nilikuwa na hasira ya kutosha kusema lolote.

"Aliuliza," nikasema.

"Sikukupata, madam."

"Alipiga simu mwezi wa Agosti. Niliipokea mimi. Aliuliza mtoto anaendeleaje, akaomba aende kumwona. Nilimfukuza. Na kwenye mazishi alikuwa anakuja, wakamrudisha barabarani."

Nilimsikia Shirleen akimwambia mtu aache kuandika. "Unaelewa ukisema hivyo sina kesi? Naweza nikauliza upya. Tunaanza tu upya."

"Usiulize upya."

"Na tiketi zenu? Sasa mnakuja kufanya nini?"

"Kumwona," nikasema, "kama baba yake atatukubalia."

Nilikata simu. Mbuvi aliweka shati chini akaja kunishika bega, nikamwambia asiniguse. Alipoanza kurudi kwenye kiti chake nikamwambia akae hapa.